Charles Darwin na Chama cha Wanafunzi

Mhariri ameniomba, mimi mwanafunzi wa zamani niliyepata kuwa mwandishi wa chama cha wapenda viumbe hapa shuleni, nitoe habari za maisha ya mtu mmoja mashuhuri aliyekwisha kufa zamani. Nimemchagua Charles Darwin, Mwingereza. Najua baadhi ya wasomaji watakunja uso, maana jina hilo likitajwa tu watu huanza kubishana juu ya nyani na binadamu, na ubishi huo ukiwaka bwenini hauzimiki mpaka taa zizimwe. Leo sina haja na ubishi ule. Nimemchagua kwa sababu ya miezi mitano tu ya ujana wake, tangu Novemba 1826 hata Aprili 1827, ambayo vitabu vyetu vya darasani huipita kwa mstari mmoja, ama haviitaji kabisa. Katika miezi hiyo aliingia katika chama kidogo kilichoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Kila nikija kuzuru shule huambiwa kwamba chama chetu kimepungukiwa na watu, na kwamba vijana wa vidato vya juu hujitoa wakisema mtihani umekaribia na chama hakiongezi alama hata moja. Basi na wasikilize habari hizi, halafu waamue wenyewe.

Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury. Baba yake alikuwa daktari tajiri, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti. Mama yake alifariki mtoto alipokuwa na umri wa miaka minane. Shuleni Charles hakung'ara hata kidogo. Siku zile shule kubwa za Uingereza zilifundisha Kilatini na Kiyunani na kukariri mashairi ya watu wa kale, na zaidi ya hayo karibu hakuna. Yeye alipenda kuokota mawe, kukusanya wadudu na mayai ya ndege, na kujifungia na kaka yake Erasmus katika kibanda cha bustani wakichanganya madawa ya kemia mpaka wenzake wakampa jina la utani la Gesi. Mwalimu mkuu alimkemea mbele ya wanafunzi wote kwa kupoteza wakati wake na mambo ya upuuzi. Baba naye alianza kuona kwamba mtoto huyu atamtia aibu.

Basi Oktoba 1825, kijana akiwa na miaka 16, baba alimpeleka Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, akasomee udaktari kama baba yake na babu yake. Erasmus alikuwako huko mwaka ule wa kwanza, nao wakapanga vyumba pamoja karibu na chuo kikuu. Lakini masomo yalimchosha Charles kuliko Kilatini. Maprofesa wengine walisoma maandishi yaleyale mwaka hata mwaka, asubuhi ya baridi, kwa sauti ya kulaza watu. Likatokea na jambo baya zaidi. Mara mbili aliingia katika chumba cha upasuaji, na mara moja aliyelazwa mezani alikuwa mtoto. Wakati huo dawa ya kumlaza mgonjwa haikuwako. Klorofomu ilianza kutumiwa katika mji huohuo wa Edinburgh mwaka 1847, zaidi ya miaka ishirini baadaye. Mgonjwa alishikwa na watu wenye nguvu, akakatwa macho yakiwa wazi. Darwin alitoka mbio kabla kazi haijaisha, na hakurudi tena katika chumba kile maisha yake yote. Kilio kile kilimwandama miaka mingi.

Hapo tunaye kijana ambaye ada yake imelipwa, nguo zake ni nzuri, baba yake anangoja daktari, na yeye mwenyewe anajua moyoni kwamba udaktari umemshinda. Nadhani wako wasomaji wanaoijua hali hiyo.

Katika mtaa uleule alimokaa, aliishi mtu mmoja mweusi jina lake John Edmonstone. Mtu huyu alizaliwa mtumwa katika nchi ya Guyana, Amerika ya Kusini, katika mashamba ya Mskoti aliyempa jina lake. Msafiri mmoja Mwingereza, Charles Waterton, aliyekuwa akizunguka katika misitu ya huko kutafuta ndege, alimfundisha kazi ya kuchuna ndege vizuri na kuzijaza ngozi zao ili zidumu, ndege aonekane kama yuko hai tawini. Hii si kazi rahisi. Ngozi ya ndege mdogo ni nyembamba kama karatasi ya sigara, na katika joto la misitu ile nyama huanza kuoza kabla mtu hajamaliza kunoa kisu. Edmonstone aliletwa Uskoti, akawa mtu huru, na huko Edinburgh akajipatia riziki kwa ufundi wake.

Mwanzoni mwa mwaka 1826 Darwin alimwendea ili afundishwe. Walipatana guinea moja, yaani shilingi 21 za Kiingereza, kwa saa moja kila siku muda wa miezi miwili. Kijana yule wa nyumba ya kitajiri akaketi mbele ya mwalimu aliyekuwa mtumwa, naye alipenda kukaa naye hata nje ya somo, kwa kuwa alimwona ni mtu mwenye akili na mazungumzo mazuri. Bila shaka alisikia kwake habari za misitu ya nchi za joto. Msomaji akumbuke kwamba siku hizohizo huko Guyana watu walikuwa bado wakichapwa mashambani, kwani sheria ya kuwaachilia watumwa katika makoloni ya Waingereza ilipitishwa mwaka 1833, na kwetu pwani soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Jamaa wa Darwin kwa pande zote mbili walikuwa wapinzani wa utumwa, lakini kuchukia utumwa ukiwa sebuleni ni jambo moja, na kuwa mwanafunzi wa mtu aliyetoka utumwani ni jambo jingine. Kwa maoni yangu mtu huyu alimfaa Darwin kuliko maprofesa wake wote wa udaktari, na inasikitisha kwamba tunajua mambo machache mno ya maisha yake.

Mwaka wa pili Erasmus alikwenda London, Charles akabaki peke yake. Upweke huo ndio uliomsukuma kutafuta wenzake. Novemba 1826 akaomba kuingia katika chama kilichoitwa Plinian, akakubaliwa. Jina hilo lilitokana na Mrumi Plinio, aliyeandika vitabu vingi juu ya viumbe, akafa mwaka 79 mlima Vesuvio ulipolipuka moto. Chama kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1823. Karibu wanachama wote walikuwa wanafunzi, na wanafunzi ndio waliochagua viongozi, waliotunza kitabu cha kumbukumbu na walioamua nani asome nini. Hakuna aliyelipwa. Walikutana siku ya Jumanne jioni katika chumba cha chini ya ardhi hapo chuoni. Desturi yao ilikuwa hivi: mmoja husimama akasoma maandishi yake juu ya jambo aliloliona au kulichunguza mwenyewe, kisha wengine humshambulia kwa maswali mpaka usiku. Hawakupewa alama wala cheti. Ukisema jambo usiloweza kulithibitisha, utachekwa. Ukileta kitu kipya, hata kiwe kidogo kama punje ya mtama, watu watanyamaza wakusikilize.

Darwin alikuwa na miaka 17, mmoja wa wadogo kabisa. Baada ya siku chache wakamtia katika halmashauri ya chama, na katika miezi iliyofuata karibu hakukosa mkutano. Huyu ni kijana yuleyule aliyekuwa akitoroka mihadhara ya udaktari!

Nataka niseme neno kidogo hapa juu ya vyama vya namna hii. Huku Afrika Mashariki kilianzishwa kimoja Nairobi mwaka 1909, kwa jina la Afrika Mashariki na Uganda, na mwaka uliofuata ndicho kilichofungua jumba la kwanza la makumbusho la mji ule. Waliokianzisha walikuwa maofisa wa serikali ya kikoloni, wamisheni na walowezi. Waafrika waliowaonyesha njia, waliowatajia majina ya ndege na kuwakamatia vinyonga hawakuitwa wanachama. Lakini mwaka 1968 wanafunzi wa Kenya waliunda vyama vyao wenyewe vya wanyama wa porini, vikaenea katika shule nyingi, na Uganda ikafuata. Chama kilichowapita watu kikaja kuigwa na watoto wao. Sasa nirudi Edinburgh.

Katika wanachama wa Plinian alikuwamo mtu mzima mmoja, daktari Robert Grant, aliyezaliwa mwaka 1793. Huyu aliacha kutibu watu akawa anachunguza viumbe vya baharini, hasa sifongo. Alikuwa mtu mkavu, asiyecheka ovyo, lakini ukimfikia ndani yake kulikuwa na moto. Alimchukua Darwin pamoja naye ufukweni mwa ghuba ya Forth wakati wa maji kupwa, wakatembea kwenye miamba wakiinama katika vidimbwi vya maji ya chumvi. Wasomaji waliokulia pwani wanaijua kazi hiyo, kwani mama zao huifanya wakitafuta pweza na kome. Darwin akafanya urafiki na wavuvi wa Newhaven, akawa anaingia katika mashua zao walipokwenda kukokota chaza, akiwaomba wamwachie takataka zilizokwama wavuni. Chumbani kwake alikuwa na hadubini duni, lakini ilimtosha.

Siku moja katika matembezi yao, Grant alianza kumsifu Lamarck, Mfaransa aliyefundisha kwamba jamii za viumbe hubadilika polepole toka hali moja hata nyingine. Hayo yalikuwa maneno ya hatari katika nchi ile wakati ule. Darwin alisikiliza akanyamaza, na kwa maneno yake mwenyewe ya uzeeni hayakumwingia siku ile.

Majira ya baridi yalipokuwa yakiisha, kijana aligundua mambo mawili. La kwanza lilihusu kiumbe kiitwacho Flustra, ambacho ukikiona ufukweni utadhani ni mwani uliokauka, kumbe ni kundi la wanyama wadogo sana waliojenga pamoja. Darwin aliona kwa hadubini kwamba vitu vilivyodhaniwa kuwa mayai yake vilikuwa na vinyweleo vya kupigia maji, na viliogelea vyenyewe. La pili lilihusu vijipira vyeusi vinavyonata ndani ya makombe ya chaza. Wataalamu walidhani ni mbegu changa za mwani. Darwin alivipasua, akakuta kwamba ni vifuko vya mayai ya ruba wa baharini, yule anyonyaye damu ya samaki taa. Mambo madogo, atasema mtu. Ndiyo, madogo, lakini kabla ya siku ile hapakuwa na mtu aliyeyajua sawasawa, na aliyeyaona ni mwanafunzi asiyefaulu.

Alikwenda mbio kumwambia mwalimu wake. Grant hakufurahi. Alimwonya kwamba viumbe hivyo ni uwanja wake yeye, na kwamba si haki kijana kuingilia kazi ile akaitangaza. Kisha Jumamosi, tarehe 24 Machi 1827, Grant mwenyewe alisimama katika chama kingine, kile cha wakubwa kilichoitwa Wernerian, akasoma habari za Flustra na zile za vifuko vya ruba, bila kutaja aliyeviona. Baadaye, katika makala iliyopigwa chapa mwaka uleule, alimtaja Darwin kwa heshima katika habari ya ruba peke yake. Darwin aliwahi kuwasimulia wanawe kwamba hapo ndipo alipoonja kwa mara ya kwanza wivu wa wataalamu.

Mtu mwingine angejifungia chumbani. Darwin alingoja siku tatu. Jumanne, tarehe 27 Machi, alishuka katika chumba kile cha chini ya ardhi akasimama mbele ya wenzake, akasoma yote mawili kama alivyoyaona, na akawaonyesha vielelezo. Yaliandikwa katika kitabu cha kumbukumbu kwa jina lake, na kitabu kile kipo mpaka leo katika maktaba ya chuo kikuu cha Edinburgh. Chama cha wakubwa kilikuwa na maprofesa na jarida la kupigwa chapa. Chama cha wanafunzi kilikuwa na daftari tu. Lakini daftari ndilo lililotunza haki ya kijana.

Usiku huohuo mwanachama mwingine, William Browne, alisoma maandishi yaliyoleta kishindo, akisema kwamba akili ya binadamu haiwezi kutengwa na ubongo wake. Walibishana vikali, na baada ya mkutano mtu fulani akayafuta maneno ya Browne katika kitabu kwa kuyapigia mistari. Wino haukutosha kuyaficha, na wachunguzi wa siku za baadaye waliyasoma. Darwin alikuwapo akiyaona hayo yote. Alijifunza, naamini, si tu jinsi ya kusema aliloliona, bali pia bei ambayo mtu hutozwa kwa kulisema. Pengine ndiyo sababu baadaye alichukua miaka ishirini kabla ya kutoa wazo lake kuu.

Aprili 1827 akaondoka Edinburgh bila shahada. Baba alikasirika sana, akampeleka Cambridge asome apate kuwa kasisi. Nako masomo hayakumshughulisha kupita kiasi, ingawa katika mtihani wa Januari 1831 alitokea kuwa wa kumi kati ya 178 wa darasa lake. Shughuli yake hasa ilikuwa kukamata mbawakawa. Kuna kisa chake kinachojulikana sana: alikuwa amebandua gome la mti akakuta mbawakawa wawili wa namna adimu, akamshika kila mmoja kwa mkono wake. Akamwona wa tatu. Akamtia mmoja mdomoni ili mkono uwe huru, na mdudu akatoa maji makali yaliyomchoma ulimi. Akamtema, naye na yule wa tatu wote wakapotea. Profesa Henslow, mwalimu wa elimu ya mimea, alimwalika nyumbani kwake jioni za Ijumaa pamoja na vijana wengine, na ni huyu aliyempendekeza kwa safari ya merikebu Beagle.

Safari hiyo ilianza tarehe 27 Desemba 1831 ikaisha tarehe 2 Oktoba 1836, nayo imeelezwa katika vitabu vingi, kwa hiyo nitataja jambo moja tu. Huko Amerika ya Kusini na katika visiwa vya Galápagos, Darwin alichuna na kuhifadhi ndege kwa mikono yake kwa ufundi alioupata kwa Edmonstone. Ngozi zile zilifika London salama, na mwaka 1837 mtaalamu wa ndege John Gould aliweza kuzipanga na kusema kwamba ndege wadogo wa Galápagos, wenye midomo mikubwa na midogo, ni jamii nyingi tofauti zisizopatikana mahali pengine duniani. Kama ngozi zingalioza njiani, Gould angaliangalia nini? Na huko Brazili, nahodha FitzRoy alipoutetea utumwa, Darwin aligombana naye hata karibu afukuzwe katika chumba cha nahodha walimokuwa wakila pamoja.

Alirudi akiwa mtu wa kujulikana, akaoa mwaka 1839, na mwaka 1842 akahamia kijiji cha Down, si mbali na London. Alikuwa mgonjwa mara nyingi, hakupenda makusanyiko. Lakini hata hapo hakuacha vyama vya watu wa kawaida. Mwaka 1855 alianza kufuga njiwa ili aone jinsi mfugaji anavyoweza, kwa kuchagua wazazi, kuibadilisha namna moja ya njiwa kuwa nyingine. Ili ajifunze vizuri akaingia katika vyama viwili vya wafuga njiwa wa London. Alikaa nao jioni katika nyumba za ulevi, kati ya moshi wa tumbaku, akiwauliza habari za manyoya na midomo. Mfugaji hodari huona tofauti ya upana wa unywele mahali ambapo mimi na wewe tungeona njiwa tu. Darwin aliliona jambo hilo akaliheshimu, na sura ya kwanza ya kitabu chake kikuu imejaa njiwa.

Juni 1858 ilimjia barua kutoka mashariki ya mbali. Mwandishi wake ni Alfred Russel Wallace, aliyeacha shule na miaka 14 kwa sababu ya umaskini na akawa anaishi kwa kukusanya ndege na wadudu kuwauza. Ndani yake Wallace alieleza wazo lilelile ambalo Darwin amelilea kimya kwa miaka ishirini: kwamba katika shida ya kuishi, walio na tofauti inayowafaa hubaki na kuzaa, na hivyo jamii za viumbe hubadilika. Nadhani hapo Darwin aliikumbuka ile Machi ya 1827, ila safari hii yeye ndiye mkubwa mwenye jina, na mnyonge ni mwingine. Aliona ni afadhali achome kitabu chake chote kuliko kufikiriwa kuwa mtu mwovu. Aliwaachia rafiki zake wawili, Lyell na Hooker, waamue. Tarehe 1 Julai 1858 maandishi ya wote wawili yalisomwa pamoja mbele ya chama cha Linnean huko London, majina yote mawili yakatajwa. Darwin hakuwapo, mtoto wake mdogo alikuwa amekufa kwa homa siku tatu kabla. Mimi huona kwamba kasoro moja ilibaki: Wallace, aliyekuwa mbali visiwani, hakuulizwa kwanza, na la Darwin ndilo lililotangulia kusomwa. Lakini Wallace mwenyewe alipopata habari aliridhika, na wakabaki marafiki mpaka mwisho.

Kitabu kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, nakala 1,250, zikachukuliwa zote mara moja na wauzaji wa vitabu. Kelele zilizofuata zinajulikana.

Mwanzoni mwa mwaka 1882 Darwin alikuwa mzee wa miaka 73, moyo umechoka. Ikamjia barua ya kijana mmoja wa Northampton, mtengenezaji wa viatu, jina lake Walter Drawbridge Crick, aliyependa kuchunguza viumbe katika saa zake za mapumziko. Crick alikuwa amempata mdudu wa majini, jamii ya mbawakawa, ambaye kome mdogo sana alikuwa ameng'ang'ania mguu wake. Jambo hili lilimgusa mzee, kwani kwa miaka mingi alikuwa akijiuliza jinsi kome wa maji matamu wanavyosafiri toka bwawa hata bwawa wakati hawana mabawa wala miguu. Kumbe hubebwa na mdudu arukaye. Akamwandikia Crick maswali mengi, urefu wa kome, umbali wa bwawa, mguu gani. Crick akampelekea mdudu na kome kwa posta. Mdudu alipofika yu taabani, Darwin alimtia katika chupa yenye majani yaliyopondwa ili afe bila maumivu.

Akaandika makala fupi, ikapigwa chapa katika jarida la Nature tarehe 6 Aprili 1882. Ndani yake alitaja jina la bwana Crick na mji wake, na kwamba ndiye aliyemwona mdudu yule. Hiyo ndiyo makala yake ya mwisho. Alifariki tarehe 19 Aprili, akazikwa tarehe 26 katika kanisa kuu la Westminster, London. Crick akarudi kwenye viatu vyake na konokono zake. Mjukuu wake, Francis Crick, ni mmoja wa wale wawili waliotambua huko Cambridge, mwaka 1953, umbo la DNA, ile kamba iliyosokotwa ambayo kwayo kila kiumbe huwarithisha watoto wake tabia ya mwili.